Hataza za Wageni na Kipimo cha Uvumbuzi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nieleze jambo linaloonekana kuwa mbali na mizani ya kahawa na pamba, nalo ni hataza. Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda maalumu, ambao siku hizi kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi huo bila idhini yake. Hati hiyo haivuki mpaka. Iliyotolewa Marekani ina nguvu Marekani tu. Kwa sababu hiyo wavumbuzi wa nchi nyingi huomba huko, kwenye soko kubwa, na wataalamu wa uchumi wamezoea kuhesabu hataza ambazo Marekani huwapa wageni, kisha wakazipanga nchi kwa madaraja ya uvumbuzi.

Kipimo hicho si cha kubezwa. Korea ya Kusini haikufikisha hataza kumi huko mwaka 1980, lakini mwaka 2000 ilipata zaidi ya 3,000. Na yeyote anayezijua bidhaa za viwanda vyake hatasema kwamba hesabu hiyo ni ya uongo.

Hata hivyo, tuulize ni kitu gani kinachohesabiwa. Ni maombi yaliyolipiwa ada na wanasheria, yakakubaliwa. Tena nchi huandikiwa hataza kwa kufuata makazi ya mvumbuzi aliyetajwa wa kwanza. Mtanzania akaaye Boston akivumbua kitu huko, huhesabiwa upande wa Marekani. Na fundi wetu aliyeiboresha mashine ya kumenya kahawa, asiyekusudia kuiuza ng'ambo, hana sababu ya kuomba huko, wala haonekani katika hesabu hiyo.

Liko jambo zito zaidi. Hataza yaweza kutolewa pasipo uvumbuzi wowote. Mwezi Machi 1995 Marekani ilitoa hataza juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano, ndugu zangu! Waliopewa walikuwa watafiti wawili wenye asili ya India waliofanya kazi Mississippi. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India lilipinga, na mwaka 1997 madai hayo yakatanguliwa. Mwarobaini nao haukusalimika. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza ya dawa ya kuua kuvu wa mimea itokanayo na mafuta ya mti huo. Ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005.

Angalieni jinsi India ilivyoshinda katika shauri la manjano: kwa maandishi, yakiwamo makala ya jarida la madaktari ya mwaka 1953. Sheria ya Marekani ya wakati ule haikutambua matumizi ya nchi za nje yasiyochapishwa. Desturi ya bibi zetu, hata ikiwa ya miaka mia tatu, haikuwa kitu mbele yake. Sheria hiyo ilibadilika mwezi Machi 2013, lakini anayepinga bado hudaiwa ushahidi.

Hapo ndipo kazi ya katibu inapoanza. Mwanachama akibuni njia mpya ya kuhifadhi maharage au kukausha kahawa, zichukuliwe tarehe, mchoro na majina ya mashahidi. Lakini kwanza aulizwe anataka nini. Akitaka hataza, asikionyeshe kitu chake kwenye maonyesho ya Nane Nane kabla ya kuomba, kwa kuwa kilichokwisha kujulikana hadharani huweza kukataliwa kwa hoja kwamba si kipya. Maombi hupelekwa kwa msajili wa nchi, ambaye kwa Tanzania Bara ni BRELA, au Harare kwenye shirika la ARIPO, ambako ombi moja laweza kutaja nchi kadhaa. Kama hataki hataza, bali anataka tu mtu mwingine asije akajimilikisha, kitabu cha mihtasari kilichofungiwa kabatini hakitoshi. Maelezo yachapishwe mahali yanapoweza kusomwa na watu wote, yakiwa na tarehe. Jarida hili lafaa kwa kazi hiyo. Njia hizi mbili haziendi pamoja, kwa hiyo katibu asilete maelezo kwa mhariri kabla mwenyewe hajaamua.