Daftari la Akiba Linapohamia Mtandaoni

Maelezo kwa wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, Wilaya za Ngara na Biharamulo



Chama kinapoamua kuacha programu ya zamani iliyowekwa kwenye kompyuta ya ofisini na kuhamishia hesabu zake katika huduma ya mtandaoni iitwayo wingu, wanachama wengi hulisikia jambo hilo mwishoni, wakati kazi imekwisha. Sisi tunaona mwanachama anapaswa kulisikia mwanzoni.

Jina hilo lisimtishe mtu. Wingu ni kompyuta kubwa zilizo katika jengo la mtoa huduma, zenye ulinzi na umeme wa akiba, ambazo karani wenu huzifikia kwa intaneti. Majengo ya namna hiyo yapo Dar es Salaam, na mengine yako nje ya nchi.

Hatukuja kuwaambia kwamba kuhama ni kubaya. Kompyuta moja ya ofisini inaweza kuibwa, kuunguzwa na radi, au diski yake kuharibika pamoja na hesabu za miaka kumi. Programu nazo huzeeka. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 7 mwezi Januari 2020, na kwa Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Kompyuta yenye mifumo hiyo itaendelea kuwaka, lakini ni kama nyumba ambayo kitasa chake kikiharibika hakuna fundi wa kukitengeneza.

Hatari kubwa ipo katika kuhama kwenyewe. Kumbukumbu za zamani hazikuandikwa kwa utaratibu ambao mfumo mpya unautarajia. Wanachama wawili wenye jina moja wanaweza kuunganishwa wakawa mtu mmoja. Tarehe iliyoandikwa 03/07 inaweza kusomwa kuwa tarehe 7 Machi badala ya tarehe 3 Julai. Hebu fikirini mkulima wa kahawa aliyekopa shilingi 600,000 tarehe 3 Julai. Mfumo mpya ukisoma Machi, utamhesabia karibu miezi minne ya riba ambayo hakuipata fedha, na huenda ukamwita mdaiwa sugu kabla hajachelewa hata siku moja. Hakuna aliyemwibia, tarakimu zimesomwa kinyume. Lakini atakayelipa ni yeye, asipokuwa na karatasi ya kuonyesha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunawaomba kila mmoja afanye mambo matatu.

Kwanza, kabla ya siku ya kuhama, nenda ofisini na kitabu chako cha akiba. Omba taarifa ya hesabu yako iliyochapishwa, yenye tarehe, saini na mhuri wa chama. Hakikisha inaonyesha hisa, akiba, mkopo uliobaki na tarehe uliyokopa.

Pili, baada ya kuhama, omba taarifa nyingine kutoka mfumo mpya, uzilinganishe mstari kwa mstari. Asiyejua kusoma aende na mtu anayemwamini. Ukiona tofauti, andika barua ya malalamiko mapema, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Tatu, usitupe kitabu cha zamani hata ukiambiwa hakina kazi tena. Ujumbe wa simu ni msaada, lakini simu hupotea.

Viongozi nao wana wajibu wao. Tunashauri mfumo wa zamani na mpya vitumike sambamba kwa muda, angalau hadi hesabu za mwezi mzima zifungwe na kulingana. Idadi ya wanachama, jumla ya akiba na jumla ya mikopo ziwe sawa pande zote mbili, na matokeo yasomwe mbele ya wanachama. Msihame wakati wa msimu wa kahawa, ofisi inapojaa watu na malipo ni mengi.

Katika mkutano mkuu, wanachama waulize waziwazi: Mkataba ukiisha, chama kitapewa kumbukumbu zake zote katika muundo unaosomeka kwingine, au kitaambiwa kilipe kwanza? Ada ni kiasi gani kwa mwezi, na inatozwa kwa shilingi au kwa dola? Nani ana nywila kuu? Isiwe mtu mmoja, maana mtu huugua, huhama, na hugombana na wenzake.

Na mtandao ukikatika je? Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilidhoofisha intaneti Tanzania na katika nchi jirani. Chama kisichokuwa na nakala nyumbani hakina la kumwambia mama aliyefuata fedha za matibabu. Kwa hiyo nakala rudufu itolewe kila siku na kuwekwa ofisini, na stakabadhi za karatasi ziwepo. Kwa vyama vilivyo jirani na Rusumo na Kabanga tunaongeza: karani anayetumia simu kupata intaneti ahakikishe haijashika mtandao wa nchi ya pili, kwa sababu gharama yake huwa kubwa.

Mwisho, sheria ipo upande wenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Pia inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Chama kisipokusikiliza, anza kwa Afisa Ushirika wa halmashauri yako, kisha Mrajis Msaidizi wa mkoa. Kwa suala la taarifa binafsi, malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ndugu zetu, chama kinaweza kubadili kompyuta, programu na hata mahali pa kutunzia hesabu. Deni lake kwako halibadiliki kwa sababu hiyo. Lakini ili ulidai, shika karatasi yako kabla ya siku ya kuhama, siyo baada.