Aliyechoka Chini ya Mretemu

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Twajua kwamba saa hii, huku ukungu ukiwa bado umefunika Nyeri, yuko mama ambaye amekwisha kuteremsha magunia ya kabichi sokoni Karatina. Yuko dereva wa matatu anayengoja abiria wa kwanza wa kwenda Nairobi. Yuko mlinzi anayevua koti lake zito baada ya usiku mzima langoni pa watu. Na wengi wao, kabla ya kuonja chakula chochote, wamekwisha kufungua kopo.

Kopo tunalolitaja ni la kile kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho vijana wetu hukiita enaji. Linauzwa kila kibanda, tangu Othaya hata Nanyuki, tangu Kerugoya hata Chuka na Meru. Pengine msikilizaji ataona ajabu, aseme, "Je, mchungaji hana jambo kubwa zaidi la kutuambia?" Twaelewa. Mwezi wa Februari 2024, kule Kangai katika Kirinyaga, pombe yenye sumu iliwaua watu zaidi ya kumi, na mahubiri juu ya pombe yamekuwa mengi, nayo ni haki yawe mengi. Lakini kopo hili halilevyi. Halimwangushi mtu mtaroni wala halimwaibishi mbele ya wakwe zake. Ndiyo sababu hakuna anayeliuliza lilikotoka wala linakokwenda. Huingia hata katika ua wa kanisa, kwenye kesha la vijana, na wazee hupita kando yake bila kugeuza shingo.

Sasa hebu tumtazame Eliya. Ametoka mlima Karmeli, ambako moto ulishuka. Mtu angefikiri kwamba baada ya ushindi kama ule angekaa mwezi mzima akiimba. Badala yake Yezebeli anatuma ujumbe wa kumtisha, naye anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Kisha analala.

Angalieni sana yanayofuata, ndugu zetu, maana hapa ndipo wengi wetu husoma mbiombio. Malaika anamgusa. Hamkaripii. Hamwulizi imani yake imekwenda wapi. Anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na chombo cha maji. Eliya anakula, anakunywa, na halafu anafanya nini? Analala tena! Na malaika anamwacha alale. Anapokuja mara ya pili anamletea chakula tena, akikiri kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kupita nguvu za mtu yule. Hayo ndiyo matibabu Mungu aliyompa nabii aliyechoka: usingizi, mkate, maji, na usingizi tena. Mahubiri yalingoja mpaka Horebu, siku arobaini baadaye.

Kopo lafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Waganga wanatueleza hivi. Kadiri tunavyokaa macho, ndani ya ubongo hujikusanya kitu kiitwacho adenosini, na kazi yake ni kuuambia mwili kwamba wakati wa kupumzika umefika. Kafeini iliyomo katika kinywaji huja ikaketi mahali ambapo ujumbe ule ulipaswa kupokelewa. Basi ujumbe haupokelewi. Uchovu haujaondoka, umezuiwa mlangoni tu, nao unazidi kujikusanya nje, mpaka kafeini itakapoinuka na kwenda zake. Hapo uchovu wote huingia kwa pamoja, kama mwenye duka aliyechoka kungoja deni lake. Tena kafeini haiondoki upesi. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Anayekunywa saa kumi na moja jioni, saa nne ya usiku nusu ingali inamshughulikia. Analala vibaya, anaamka amechoka, na asubuhi anatafuta kopo jingine la kumponya na jana.

Sukari nayo haifai kusahauliwa. Kopo dogo la mililita 250, la aina inayojulikana sana duniani, lina kafeini miligramu 80 na sukari gramu 27. Kijiko cha chai huchukua gramu 4 hivi. Basi ni karibu vijiko saba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema kwamba yafaa sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula, na kwamba ingekuwa bora zaidi ikiwa nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi kwa siku nzima. Kopo moja tu limekwisha kuvuka mpaka huo, na bado hajanywa chai ya mama yake! Chupa kubwa huwa na sukari zaidi. Yafaa kusoma maandishi madogo ubavuni mwa chupa. Yameandikwa kwa ajili yetu, ingawa yameandikwa kama hayataki kusomwa.

Mtu wa Chinga au Gathuthi asidhani kwamba twahubiri juu ya majani yake ya chai, wala mkulima wa kahawa wa Mukurweini asifunge redio. Ndiyo, kafeini imo katika chai na kahawa pia. Kikombe cha chai kwa kawaida huwa na kama nusu ya iliyomo katika kopo lile dogo. Lakini chai yetu hunywewa moto, polepole, watu wakiwa wameketi na kusemezana. Hatujamwona mtu anayesimama barabarani akimeza birika zima kwa pumzi moja.

Wala vinywaji hivi havikuanza kwa watu wa starehe. Kule Thailand, katika miaka ya 1970, kimoja chao kilipendwa na madereva wa malori na vibarua. Mtu wa Austria akakionja, akakipeleka kwao, kikaanza kuuzwa huko mwaka 1987, kikaenea dunia nzima. Basi tangu mwanzo mnunuzi alikuwa maskini aliyelazimika kufanya kazi wakati mwili wake unataka kulala. Jambo hilo latupasa tulikumbuke kabla hatujamnyoshea mtu kidole.

Kijana mmoja wa pikipiki, mshiriki wetu, alitujia baada ya ibada ya jioni. Alikuwa akinywa makopo matatu kila siku, moyo ulikuwa ukimdunda usiku, na mikono ilikuwa na mtetemo kidogo. Tulitaka kumwambia aache. Akatutangulia, akasema, "Mchungaji, nikiacha nitalala juu ya pikipiki. Na asubuhi ninabeba watoto wa shule." Hapo hatukuwa na jibu la haraka, maana alisema kweli. Tukamwuliza analala saa ngapi. Akasema saa sita za usiku, anaamka saa kumi. Kwa nini? Kwa sababu pikipiki ni ya mkopo, na mkopo hulipwa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Tukaketi naye na karatasi. Kama kopo moja ni shilingi 80, matatu ni shilingi 240 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 7,200. Aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Sehemu ya safari zake za usiku alikuwa akizifanya ili kununua kile kilichomwezesha kuzifanya. Lakini si zote, na hatutaki kuwadanganya: alipoanza kwenda nyumbani saa tatu alipoteza pesa kweli, na wiki nyingine mkewe alilazimika kukopa unga. Alishuka kutoka makopo matatu hadi mawili. Alipofika kwenye moja, kichwa kikamwuma siku tatu, akarudi kwenye mawili. Akaanza upya. Mwenzake wa steji, ambaye si wa kanisa letu, akakubali wapokezane zamu za usiku wiki kwa wiki. Tuliposema naye mara ya mwisho alikuwa hanywi siku za juma, ila Jumamosi, siku ya soko na arusi, alikuwa bado anajitetea kwamba hawezi. Tunamwombea, naye anajua tutamwuliza tena.

Kile kichwa kinachouma kinahitaji maelezo, maana ndicho kinachowarudisha wengi. Mtu aliyezoea kafeini anapoacha ghafula, maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 24. Siku ya pili huwa mbaya. Kisha hupungua, na kwa kawaida kati ya siku mbili na tisa yamekwisha. Mtu asiyejua hayo hudhani kwamba mwili wake unakufa bila kopo. Danieli na wenzake, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, waliomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji. Hatusemi kwamba Danieli alikuwa akifikiria kafeini! Ila siku kumi ni kipimo ambacho mtu anaweza kukishika. Hakuomba mwaka. Tena alimwendea msimamizi kwa adabu akamweleza, asije akamtia mashakani. Wewe pia mweleze mkeo, au mwajiri wako, kwamba kwa siku kadhaa utakuwa mkali na mzito. Aliye dereva asianze siku anayokwenda safari ndefu. Anayekunywa mengi apunguze moja, akae juma, apunguze jingine. Usingizi ukimjia barabarani asimamishe gari mahali pa usalama alale hata dakika ishirini; abiria wataguna, waacheni wagune. Na mama mjamzito, au mwenye ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu au moyo unaodunda ovyo, asisubiri ushauri wa redio, aende hospitali.

Kuna wale wanaochanganya enaji na pombe. Hao kopo huwaficha ulevi wao, wakajiona timamu hali wamelewa, wakashika usukani. Mwaka 2010 wakuu wa Marekani wanaosimamia vyakula na dawa waliwaonya watengenezaji waliouza vinywaji hivyo viwili vikiwa vimechanganywa. Na kuhusu watoto, madaktari wa watoto wa nchi hiyo walisema mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika chakula cha watoto na vijana. Lithuania ilikataza mwaka 2014 kuwauzia walio chini ya miaka 18. Poland ikafuata mwaka 2024. Mzazi wa Nyeri hahitaji kungoja Bunge ili aangalie kilichomo katika mkoba wa mwanawe wakati wa mitihani.

Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika sura ya sita ya waraka wa kwanza, anakubali kwamba mengi ameruhusiwa, lakini hayuko tayari kuwa chini ya amri ya kitu chochote. Wazee wetu wa uamsho, ule ulioingia Kenya mwaka 1937, walilielewa neno hilo vizuri. Waliacha pombe na tumbaku. Wengine huwacheka kwa ukali wao, na pengine walizidi katika mambo kadha wa kadha. Lakini hakuna aliyeacha peke yake. Alisimama katikati ya ndugu akasema jina la kile kilichomfunga, na juma lililofuata ndugu walimwuliza, "Habari ya lile jambo?" Nguvu nyingi ilikuwa katika swali hilo.

Swali kama hilo laweza kuulizwa leo katika mkutano wa KAYO au wa KAMA. Na Umoja wa Akina Mama, ambao jiko la kanisa liko mikononi mwao, wana uwezo kuliko maaskofu. Kesha la vijana likiwa na uji wa moto, nduma na viazi vitamu, na maji yaliyochemshwa, nani atakwenda kutafuta kibanda usiku wa manane? Mito yetu, Ragati na Sagana, yashuka kutoka mlimani usiku na mchana. Ni ajabu kwamba watu wa chini ya mlima huu tunanunua kiu katika kopo.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemwacha Eliya alale, tunakuletea wale wanaotoka kazini asubuhi hii na wale wanaoingia. Mkumbuke mwenye mkopo wa pikipiki. Mkumbuke yule ambaye leo ni siku yake ya pili bila kopo na kichwa kinamwuma. Umpe maji, mkate, na saa chache za usingizi, na mtu wa kumwuliza habari yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.