Undugu wa Barabarani Usiwe Kisingizio cha Kumnyonya Dereva



Msamvu, mjini Morogoro, ni mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya mwendo wa karibu kilomita 190, hugawanyika mara mbili. Mkono mmoja huelekea Dodoma na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Mkono mwingine hupita Mikumi na Iringa mpaka Tunduma, na kutoka huko mizigo huingia Zambia na Kongo. Hapo hapo mjini huteremka malori madogo kutoka milima ya Uluguru, yakileta kabichi, karoti na viazi vya Mgeta, pamoja na ndizi na mananasi ya Kinole na Matombo. Shaba ya nchi jirani na mboga ya mkulima wa mlimani hupishana katika njia panda moja.

Watu wengi huyaona malori hayo na kuhesabu magurudumu yake. Wachache humwona mtu aliyemo ndani. Basi mazungumzo haya yanamhusu mtu huyo, yaani dereva, na mwenzake asiyetajwa hata kidogo, yaani utingo.

Ni vizuri kukumbuka deni ambalo taifa linalo kwa watu hawa. Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wa watu weupe wachache. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu kujitawala, ilijikuta njia yake ya kusini imo mikononi mwa maadui. Mafuta yake yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara iliyokuwa sehemu kubwa ya udongo, yenye vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wa kutisha wakati wa masika. Wageni waliiita Njia ya Jehanamu, na jina hilo halikuwa la utani. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services kwa ajili ya kazi hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla ya bomba na kabla ya reli, mabega yaliyobeba mzigo wa Zambia yalikuwa ya madereva. Historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika inayowataja wanajeshi na wanasiasa peke yao, ikawasahau hao, ni historia pungufu.

Katika taabu za namna hiyo ndipo ulipokomaa undugu wa barabarani. Undugu huo hauna katiba wala kadi, lakini sheria zake zinajulikana na kila mshika usukani. Gari likiharibika mlimani, utingo hukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani nyuma na mbele ya gari, ili anayekuja apunguze mwendo. Dereva anayepishana na mwenzake humwashia taa kumtahadharisha juu ya hatari iliyo mbele. Aliye na jeki humwazima asiye nayo, hata kama hawajapata kuonana. Penye moto mmoja kando ya njia, sufuria ya ugali huliwa na Mnyakyusa, Mhehe, Mluguru na Mzambia, na utani hufuata kabla mikono haijakauka.

Undugu huo umeenea hata kwa wananchi wasio madereva. Mama wa Nyandira anayetaka kumpelekea mwanawe aliye Dar es Salaam kifurushi cha njegere na barua humkabidhi dereva, wala hapewi stakabadhi. Humwambia tu, "Baba, mtoto atakungoja sokoni." Na kifurushi hufika. Heshima ya dereva inategemea kufika kwa vifurushi hivyo vidogo kama inavyotegemea kufika kwa tani alizopakia.

Huko Uluguru kazi ina sura yake. Njia ni nyembamba, kona ni kali, na bonde liko upande mmoja. Mvua za masika zikishika, lori lililosheheni kabichi huweza kukwama kutwa nzima. Kabichi haingoji kama shaba. Kila saa inayopita ni hasara kwa mkulima aliyelima kwa jembe la mkono kwenye mteremko. Ndiyo maana lori likikwama, wenye shamba, wapakiaji na madereva wa nyuma huvua viatu wakasukuma pamoja.

Lakini, ndugu wananchi, kuusifu undugu huo bila kuuliza swali kungekuwa ni kudanganyana. Swali lenyewe ni hili: nani hasa anayenufaika nao? Dereva ambaye gari lake limeharibika akakaa porini siku tatu, posho ikamwishia, hulishwa na madereva wenzake. Hilo ni jambo jema kwa wenzake, na ni aibu kwa mwenye gari. Utingo anayeumia hukusanyiwa mchango wa nauli na dawa. Hilo nalo ni jema. Lakini mchango huo mara nyingi ni deni la tajiri linalolipwa na maskini. Hisani ya wafanyakazi inapoziba pengo lililoachwa na mwajiri kwa makusudi, hisani hiyo imekwisha kugeuzwa chombo cha unyonyaji.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi za kawaida kwa juma, na imekataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, hata zikihesabiwa saa za ziada. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Aidha, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamhusu anayeumia kazini. Mwenye lori anayempa dereva funguo kwa neno la mdomo, kisha akamtaka afike Tunduma, zaidi ya kilomita 900, bila kulala, amevunja sheria, na anamtuma mtu huyo aende kuua au kuuawa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani majivuno na uonevu wa wakubwa kazini. Uonevu huo haujapata kuwa halali kwa sababu tu sasa unaamriwa kwa simu.

Ajali ya tarehe 10 Agosti 2019 haijasahauliwa Morogoro. Lori la petroli lilipinduka karibu na Msamvu. Watu walikimbilia mafuta yaliyokuwa yakimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Marehemu hawalaumiwi, wengi walikuwa vijana waliotafuta riziki ya siku. Lakini walio hai wanapaswa kujifunza. Lori lililoanguka ni msiba, na aliyemo ndani yake ni binadamu. Kwa madereva, tawi la mti barabarani lina maana moja: simama mbali, mwenzio yuko hatarini. Maana hiyo haina budi kufundishwa shuleni na vijijini kote kandokando ya barabara kuu.

Yafaa basi kutendwa mambo matatu. Kwanza, madereva na utingo waugeuze undugu wao kuwa umoja wenye viongozi, ada na hesabu zilizo wazi. Aprili 2015, madereva wa mabasi na malori waligoma nchini kwa sababu ya sharti la kurudi chuoni kila leseni inapohuishwa na kwa kukosa mikataba. Sauti yao ilisikika kwa kuwa ilikuwa moja. Pili, wakaguzi wa kazi wakague mikataba na saa za usukani kwa bidii ile ile inayotumika mizani kupima uzito wa mzigo, kwani uchovu wa dereva nao ni uzito. Tatu, dereva mwenyewe asiuvunje undugu huo kwa ulevi na mashindano ya mwendo. Anayempita mwenzake kwenye kona ya Kitonga amemsaliti kabla hajamgonga.

Matawi ya kijani yanayotandazwa barabarani hutandazwa na mtu aliye katika shida, kwa ajili ya kumwokoa mtu asiyemjua. Wajibu uliobaki ni wa mwajiri na wa chombo cha sheria, kumlinda mkata matawi huyo.