Mboga Juu ya Pipa la Samaki: Mapatano Kwanza, Mbegu Baadaye



Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno la hekima, kwa sababu mgeni anayefanya kazi hawi mzigo kwa mwenyeji wake. Lakini huku kwetu Kivu na Ituri, mgeni aliyekimbia vita hakai siku tatu, anakaa miaka. Tena tukimpa jembe, atalima wapi? Mwenyeji naye ana parsele ndogo, na watoto wake wanakua. Magomvi mengi yanaanzia hapo: ardhi iliyoazimwa bila mashahidi, mavuno yanayobishaniwa, mtu anayeambiwa aondoke mboga zake zikiwa bado changa.

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya njia ndogo ya kupanda bila shamba: kuotesha mboga kwa mbegu juu ya pipa la samaki, hapo nyumbani. Tuseme ukweli tangu mwanzo. Pipa hili halitaleta bugali mezani. Litatoa mboga za majani, na baada ya miezi mingi samaki wachache. Lakini kwa familia isiyo na hata hatua moja ya ardhi, mboga za kila wiki si kitu kidogo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Samaki akila anachafua maji, na uchafu huo unatoa amonia. Amonia ikizidi, samaki anakufa. Lakini katika mawe yenye unyevu wanaishi bakteria, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Hao wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ni chakula cha mimea. Samaki analisha mboga, na mboga zinamsafishia samaki maji.

Tafuta pipa la lita 200 ambalo halikuwekwa mafuta wala dawa ya wadudu. Juu yake, kwenye mbao imara, weka sanduku au beseni pana lenye kina cha sentimita 20 hivi, lililotobolewa chini na kuwekwa kipande cha wavu. Lijaze mawe madogo yaliyooshwa vizuri. Ndugu wa Goma wanaijua ardhi iliyofunikwa na mawe ya Nyiragongo, mwaka wa 2002 na tena 2021. Mawe hayo, mahali jembe halipenyi, yanafaa sana kwa kazi hii: ni mepesi, na matundu yake ni nyumba ya bakteria. Asubuhi, mchana na jioni, chota maji ya pipa kwa kopo na kuyamwaga juu ya mawe. Yatachuruzika na kurudi kwa samaki, na katika kuanguka kwake yanaingiza hewa. Hakuna haja ya umeme.

Kwa pipa moja samaki wadogo 10 wanatosha. Kambale anavumilia maji yenye hewa kidogo, lakini anaruka, kwa hiyo funika kwa wavu. Wavu huo unawalinda na watoto. Chagua wenye ukubwa sawa, maana mkubwa humla mdogo. Tilapia anapenda joto. Uvira na bonde la Ruzizi atakua vizuri kuliko kwenye milima ya Lubero. Toa chakula kidogo, kile wanachomaliza kwa dakika chache. Mabaki yakioza, maji yanaharibika. Katika wiki sita za kwanza punguza zaidi, kwa kuwa bakteria bado hawajawa wengi. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku mbili kabla ya kuyatia. Maji ya sabuni, kamwe.

Anzeni na lengalenga. Mbegu zake ni ndogo sana, basi zioteshwe kwanza kwenye kopo la mchanga laini lenye unyevu. Zitachipua ndani ya wiki moja. Mche ukipata majani manne, uhamishie kwenye mawe. Kati ya wiki ya nne na ya sita tangu kupanda, mtakata vichwa vya kwanza, na mashina yatatoa majani mengine. Mboga hizi zipikwe, zisiliwe mbichi. Maji ya pipa yasinywewe, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuyagusa. Tunajua kipindupindu kilivyotutesa.

Msikate yote. Mashina mawili au matatu mazuri yaacheni yachanue. Shina moja la lengalenga hutoa maelfu ya mbegu. Zikaushwe na kufungwa kwenye chupa kavu. Pipa halibebeki mgongoni siku ya kukimbia, lakini chupa ya mbegu inaingia katika kitambaa cha mama.

Ndugu viongozi, sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta. Tumeona misaada mizuri ikizaa wivu. Wahamiaji wakipewa na mwenyeji maskini wa jirani akakosa, anajiuliza kosa lake ni nini. Kwa hiyo pipa lisiwe la upande mmoja. Liwe la familia mbili, moja ya wenyeji na moja ya wahamiaji. Na kabla ya mbegu ya kwanza kuwekwa, familia hizo zikae mbele ya mashahidi wanaoaminiwa na pande zote, zijibu maswali manne.

La kwanza ni mahali. Pipa litakaa katika parsele ya nani, na je, kukaa kwake hapo kunampa mtu haki yoyote juu ya ardhi? Jibu lisemwe wazi: hapana.

La pili ni maji. Mashirika ya msaada yanahesabu angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na familia nyingi hazizipati. Pipa lisinyang'anye maji ya kunywa, wala lisiongeze foleni kwenye bomba. Tumieni mvua. Mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita 10 za mraba inaweza kuleta karibu lita 200, yaani pipa zima. Mvua zetu za Kivu ni nyingi kati ya Septemba na Mei. Hapo ndipo pa kuanzia.

La tatu ni mavuno. Nani anakata, siku gani, na nani anachota maji na kulisha samaki? Mara nyingi kazi inawaangukia wamama na wasichana, na samaki wakikua, baba anatokea na bei. Mama asemewe haki yake mapema.

La nne ndilo linalosahauliwa: kuondoka. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilivunjwa kwa muda mfupi, na familia zikaondoka kwa haraka. Wengine wataondoka kwa heri, amani ikirudi kijijini kwao. Siku hiyo, pipa litabaki kwa nani? Samaki watagawanywaje? Sisi tunapendekeza pipa libaki na mwenyeji, samaki wagawanywe sawa, na mbegu zigawanywe nusu kwa nusu. Ninyi mnaweza kupatana vingine. La muhimu ni kwamba neno hilo liwe limesemwa watu wakiwa wametulia, si siku ya mizigo.

Mtu aliyejifunza kupatana juu ya pipa ana mazoezi ya kupatana juu ya shamba. Wengi wenu, mkirudi nyumbani, mtakuta mtu mwingine analima ardhi yenu, naye atasema hana pengine pa kwenda. Maswali yatakuwa hayo hayo: mahali, maji, mavuno, kuondoka. Afadhali tuyazoee sasa, juu ya mboga, kuliko kuyasikia mara ya kwanza panga zikiwa mkononi.

Kwa hiyo tunawaomba: kabla wiki hii haijaisha, kila kiongozi azikutanishe familia mbili na kuziuliza maswali hayo manne. Majibu yakipatikana, leteni pipa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.