Kikorea na Kitamili: Mfanano Uliopo, Udugu Usiothibitika

Anayejua Kitamili akianza kujifunza Kikorea, hachelewi kushangaa. Mtoto wa Seoul humwita baba yake “appa”, na mtoto wa Chennai vilevile. Mama ni “eomma” kule, “amma” huku. Siku ni “nal” kwa Mkorea na “naal” kwa Mtamili. Nyasi ni “pul” kwa wote wawili. “Mimi” ni “na” na “naan”, na “wewe” husikika “ni” na “nii”. Mwalimu Mmarekani Homer Hulbert, aliyefika Korea mwaka 1886, aliuchukulia mfanano wa namna hii kwa uzito mkubwa, na mwaka 1905 akachapisha kitabu kizima cha kulinganisha sarufi ya Kikorea na ya lugha za Kidravidi za India, Kitamili kikiwa mojawapo. Wazo hilo lina watetezi hadi leo. Hoja yangu ni kwamba mfanano huo upo na una faida kwa mwanafunzi, ila hauthibitishi udugu, na shahidi wangu mkuu ni historia ya maneno yale yale yanayotolewa kama uthibitisho.

Tuanze na nyasi, kwa kuwa ndilo neno linaloonekana kuwa na nguvu kuliko yote. Kitamili kina “pul”, na jirani yake Kikannada kina “hullu”. Kwa kusikiliza tu, ungesema Mkorea ndiye ndugu wa Mtamili, na Mkannada ni mgeni. Lakini maziwa kwa Kitamili ni “paal”, kwa Kikannada “haalu”. Jino ni “pal” na “hallu”. Chui milia ni “puli” na “huli”. Mahali Kitamili kinapoanza neno la asili kwa p, Kikannada cha leo kina h, na maandishi ya kale ya Kikannada yanaonyesha kwamba h hiyo nayo ilikuwa p. Tofauti inayojirudia kwa utaratibu neno baada ya neno ndiyo hati ya udugu katika isimu linganishi. Sasa tukiangalie Kikorea. Katika vitabu vya mwanzo vilivyoandikwa kwa Hangul, alfabeti iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, neno la nyasi halina irabu u. Lina irabu nyingine, inayotamkwa bila kuviringa midomo, ambayo kwa herufi za Kirumi huandikwa eu. Karne kadhaa baadaye irabu hiyo iligeuka u kwa kuvutwa na konsonanti ya midomo iliyoitangulia. “Mul” (maji) na “bul” (moto) yalipita njia hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba tukirudi nyuma, neno la Kikorea linajitenga na la Kitamili, ilhali maneno yenye asili moja hukaribiana kadiri tunavyorudi nyuma.

Viwakilishi vinatoa ushahidi ule ule. Kitamili cha kale kilisema “yaan”. “Naan” ni umbo la baadaye. Kwa Kikorea umbo la msingi la “wewe” ni “neo”. Hiyo “ni” imeenea katika mazungumzo ya siku hizi, kwa kuwa irabu mbili, ae na e, zimekuwa moja masikioni mwa wengi, na “mimi” ikaanza kuchanganyika na “wewe” katika baadhi ya maumbo. Wasemaji wakaondoa utata kwa kutumia irabu ya tatu. Kuhusu “appa” na “amma”, Mswahili hana haja ya kwenda mbali: Mchina naye husema “baba” na “mama” kwa maana hizo hizo, na hakuna anayekihesabu Kichina miongoni mwa lugha za Kibantu. Roman Jakobson alieleza sababu: sauti za midomo pamoja na irabu a ni miongoni mwa zile ambazo mtoto mchanga huzimudu mapema, na wazazi popote huzipokea kama majina yao.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye sarufi. Sentensi yetu “mtoto alimpa mwalimu kitabu” hupangwa, katika lugha zote mbili, “mtoto mwalimu-kwa kitabu alipa”. “Kitabu alichonunua Juma” huanza na Juma, kikafuata kitendo cha kununua, kitabu kikaja mwisho. Zote mbili hupachika viambishi kimoja baada ya kingine nyuma ya mzizi. Je, yote haya ni bahati tu? Sidhani ni bahati, na wala si urithi. Kuweka kitenzi mwisho ndio mpangilio ulioenea zaidi katika lugha za dunia, na lugha yenye mpangilio huo huelekea pia kuweka vihusishi baada ya nomino, kwa hiyo anayeyahesabu haya kuwa ushahidi mbalimbali anahesabu jambo moja mara kadhaa. Kituruki na Kijapani hufanya hivyo hivyo. Karibu nasi zaidi, Kiamhari ni ndugu wa damu wa Kiarabu, lakini huweka kitenzi mwisho na kishazi rejeshi kabla ya nomino, jambo ambalo Kiarabu hakifanyi. Mpangilio wa maneno unaweza kubadilika huku asili ya lugha ikibaki ile ile. Tena ukichungulia ndani ya kitenzi, lugha hizi mbili zinaachana. Kitamili husema “varugiraan” kwa mwanamume anayekuja na “varugiraal” kwa mwanamke. Kikorea hakijali kama anayekuja ni mwanamume au mwanamke. Kinajali unazungumza na nani, hivyo kuna “onda”, “wayo” na “omnida”, kwa kadiri ya adabu inayotakiwa.

Wengine huleta historia. Samguk Yusa, kitabu cha mtawa Iryeon cha karne ya 13, kinasimulia kwamba mwaka 48 binti mfalme Heo Hwang-ok alifika kwa bahari kutoka Ayuta, ambayo wao huiweka India, akaolewa na Mfalme Suro wa Gaya, kule Korea. Kitabu kiliandikwa zaidi ya miaka 1,200 baada ya tukio hilo, na mahali ilipokuwa Ayuta panabishaniwa. Hata tukikubali safari hiyo, pwani yetu inajua wageni huacha nini: karne nyingi za Waarabu zimetupa kitabu, wakati na salamu, na bado kitenzi chetu ni cha Kibantu.

Kwa hiyo wanafunzi, chukueni faida ya sarufi bila wasiwasi. Aliyezoea kusubiri kitenzi mwisho wa sentensi ya Kitamili hatahangaika na ya Kikorea. Na atakayeleta orodha mpya ya maneno yanayofanana, aje na maumbo yake ya kale, kisha atuonyeshe sauti zinazopishana kwa utaratibu kama p na h za Kitamili na Kikannada. Tangu 1905 orodha zimeongezeka. Utaratibu unaokubalika na wanaisimu walio wengi bado haujapatikana.