MWENZETU MLEVI NI MGONJWA: CHAMA KIMFANYIE NINI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Kamati ya tawi imetuomba tuseme juu ya pombe na dawa za kulevya. Twajua ya kwamba wengine wenu mliposikia habari hii mlisema moyoni, "Leo tumeletewa mahubiri." Hapana. Mahubiri yana siku yake na wenye kuyatoa wapo. Sisi tumekuja kusema habari za kazi, yaani unga wa watoto wetu, maana katika mambo yanayomtoa mfanyakazi kazini bila hata notisi, chupa ni mojawapo.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inampa mwajiri ruhusa ya kumfukuza mtu papo hapo ikiwa amelewa saa za kazi hata hawezi kufanya kazi yake sawasawa. Hilo wengi wanalijua. Lakini kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo ni wachache wanaokijua. Chasema ya kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, hata kosa hilo la kulewa, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama wa pahali pale pa kazi, wakati anapoelezwa. Tena mwajiri lazima asikilize maneno ya mfanyakazi na ya yule aliyefuatana naye. Basi ukiitwa ofisini peke yako, sema kwa adabu, "Bwana, naomba mjumbe wangu aitwe kwanza." Wala usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Haya. Mjumbe amefika ofisini. Atasema nini, ikiwa mtu kweli alikuwa amelewa? Hapo ndipo penye ugumu, nasi hatutaki kuwadanganya. Hatuwezi kusema ya kwamba pombe kazini si kitu. Kazi ya reli haina mchezo. Mwezi wa Januari 1987, huko Maryland katika Marekani, injini 3 zilizokuwa zikienda bila mabehewa zilipita ishara ya kusimama zikaingia mbele ya treni ya abiria, na watu 16 wakafa. Ikajulikana ya kwamba dreva wa injini zile na mwenzake walikuwa wamevuta bangi. Wale waliokufa hawakuwa wamevuta kitu. Hata kwetu sisi, mtu wa pointi akisinzia, au mwenye bendera katika genge asipoona vizuri, watakaoumia ni wenzake walioinama kufunga mataruma.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu hunywa jioni, akalala, akaoga maji baridi, akanywa kahawa kali, akafikiri ya kwamba sasa yu mzima. Ini halijali kahawa wala maji baridi. Chupa moja ya bia ya kawaida, ile ya nusu lita, huchukua kama saa 2 au zaidi kutoka mwilini. Basi aliyekunywa chupa 6, akianza saa mbili za usiku, anapoingia zamu saa kumi na mbili asubuhi pombe bado imo ndani yake, ingawa anatembea sawa na kusalimu watu vizuri. Akipuliza kile kifaa cha kupimia pumzi atapatikana, naye ataapa kwa haki kabisa ya kwamba hajanywa leo.

Sasa tutazame tabia iliyo kazini mahali pengi, ile ya kufichana. Mtu anakuja hali si nzuri, mwenzake anamwambia, "Lala nyuma ya stoo, nitakufanyia." Jumatatu anafanyiwa, Jumanne anafanyiwa. Wanaofanya hivi wana moyo mwema, nao huona ya kwamba wamemsaidia ndugu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ambayo yule mwema yuko likizo, mgonjwa anakamatwa, na faili yake inafunguliwa palipo pabaya zaidi, maana hakuna mtu aliyeandika mapema ya kwamba anahitaji matibabu. Chama kinaitwa kuzima moto wakati nyumba imekwisha kuungua.

Tumesema mgonjwa. Wapo watakaokataa neno hili. Watasema, "Ugonjwa gani mtu anaununua kwa pesa yake?" Swali hili lina haki yake. Mtu wa kwanza kuinua glasi ni yeye mwenyewe. Lakini baada ya miaka ya kunywa kila siku, ubongo wenyewe hugeuka ukazoea pombe, na ikikosekana mwili hufanya fujo. Hili si la kudhani, linaonekana kwa macho. Mlevi wa miaka mingi akiacha ghafula, kabla ya siku kwisha mikono hutetemeka na jasho humtoka. Wengine huanguka kama wenye kifafa. Siku ya pili au ya tatu wengine huona vitu visivyokuwapo na kupayuka usiku kucha, na hali hiyo yaweza kuua. Basi wake zetu na wazee wetu wanaomfungia mtu chumbani "mpaka pombe imtoke", tafadhali waambieni wasifanye hivyo. Apelekwe hospitali. Huko hupewa dawa ya kutuliza, kama vile diazepamu, ikipunguzwa siku kwa siku, na vitamini ya B1 ambayo pombe huimaliza mwilini. Kwa wengi, siku chache zatosha kuvuka hatari hiyo.

Kuvuka hatari si kupona, lakini dawa za kumsaidia mtu asirudi ziko. Ya zamani kuliko zote inatuhusu sisi wafanyakazi. Mwaka 1937 daktari mmoja wa kiwanda huko Marekani, jina lake Williams, aliandika ya kwamba watu waliofanya kazi na dawa fulani ya kutengenezea mpira walikuwa hawawezi kunywa pombe tena. Wakinywa kidogo tu, uso ulikuwa mwekundu, moyo ukaenda mbio. Miaka kama 10 baadaye madaktari wa Denmark walitumia dawa ya jamaa hiyo kutibu walevi, nayo ndiyo disulfiramu inayotumika mpaka leo. Mtu huimeza kwa hiari yake chini ya daktari, akijua ya kwamba akionja pombe atajuta. Haifai kumtilia mtu kwa siri katika chai, maana yaweza kumdhuru vibaya. Siku hizi ziko nyingine, naltreksoni inayopunguza ile hamu, na akamprosati. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziweka hizi mbili katika orodha yake ya dawa za lazima, pamoja na zile za malaria na za presha. Hilo ni neno zito, ndugu. Hawaweki dawa katika orodha hiyo kwa ajili ya tabia mbaya.

Wenzetu wa Pwani watauliza habari za heroini. Kwa hiyo iko methadoni. Serikali ilianza kuitoa Mathari, Nairobi, mwezi wa Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa. Mtu huinywa kila siku mbele ya mwuguzi, na wengi wao wamepata nguvu ya kufanya kazi tena.

Lakini jambo lililotupa moyo zaidi halikutoka katika chupa ya dawa. Huko Eldoret, watafiti walikusanya wagonjwa 614 waliokuwa wakitibiwa virusi vya ukimwi na huku wanakunywa kupita kiasi. Waligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja lilifundishwa habari za afya kwa jumla. La pili lilikutana mara 6, mara moja kwa juma, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakifundishwa namna ya kujua ni saa ngapi na mahali gani hamu huwajia, namna ya kumkataa rafiki anayewaita baani bila kuvunja urafiki, na la kufanya na mshahara siku unapotoka. Walimu wao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa vizuri. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha ya kwamba katika miezi 9 iliyofuata, fungu la pili lilipunguza pombe kuliko la kwanza. Sasa fikirini: mikutano 6, watu wasio madaktari, hapa hapa Kenya. Hivi kweli tawi hili halina wanachama wawili watatu, wanaume kwa wanawake, walio na busara na kinywa cha kutunza siri, wanaoweza kupelekwa kufundishwa?

Mtatuambia, "Tulimwona fulani, alitibiwa, akarudia." Ndiyo, hurudia. Madaktari wa Marekani waliotazama jambo hili katika mwaka 2000 waliona ya kwamba katika watu 100 waliotibiwa uraibu, 40 hadi 60 hurudia ndani ya mwaka. Lakini waliweka hesabu hiyo kando ya ugonjwa wa presha na wa pumu, wakaona ya kwamba huko nako wagonjwa wengi vile vile, au zaidi, huzidiwa tena ndani ya mwaka na kurudi kwa daktari. Mwenye presha akizidiwa, husemi, "Alitibiwa mara moja, basi afukuzwe." Unauliza kama alimeza dawa zake.

Neno moja la haraka juu ya pombe ya vichochoroni. Tangu mwaka 2010 sheria iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni, lakini ile ya magendo haikwisha. Mwezi wa Novemba 2000 sumu ya methanoli iliyotiwa katika pombe iliua watu zaidi ya 100 hapa Nairobi; mwaka 2014 ikaua makumi katika wilaya mbalimbali; Februari 2024 ikaua watu zaidi ya 10 huko Kirinyaga. Methanoli haijulikani kwa ulimi. Na hatari yake ni kwamba mtu hulala akaamka kama mwenye uchovu wa kawaida, kisha baada ya saa nyingi macho huanza kuona ukungu. Akisema haoni vizuri, msimpe maziwa, msimlaze. Mchukueni hospitali kubwa saa ile ile, maana dawa ipo lakini haingoji.

Na tusidhani ya kwamba ni watu wachache. NACADA walipohesabu mwaka 2022 waliona ya kwamba katika kila watu 8 wa miaka 15 hadi 65 katika Kenya, 1 anatumia pombe. Si wote hao ni wagonjwa, na chama hakitaki kumkataza mtu bia yake ya Jumamosi. Lakini katika genge la watu 16, haya, piga hesabu mwenyewe.

Basi twataka nini? Twataka mkataba wetu na mwajiri uwe na kifungu juu ya jambo hili. Si jambo la kubuni. Mwaka 1995 Shirika la Kazi la Kimataifa liliita wajuzi Geneva, wa serikali, wa waajiri na wa wafanyakazi, wakakubaliana mwongozo ya kwamba matatizo ya pombe na dawa za kulevya kazini yatendewe kama ugonjwa mwingine wowote, na ya kwamba mfanyakazi anayetafuta matibabu asibaguliwe kwa ajili hiyo. Si sheria, lakini ni fimbo ya kutembelea mezani. Tuombe ya kwamba mtu anayejitokeza mwenyewe, kabla hajakamatwa, apewe likizo ya ugonjwa na arudi kwenye kazi yake. Ikiwa kazi yake ni ya kuendesha au ya ishara, awekwe kwanza kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara mpaka daktari aridhike. Habari zake zikae kwa daktari, zisisomwe na kila karani. Na kama ni kupuliza kile kifaa, wapulize wote, tangu meneja mpaka mfagizi.

Upande wetu nasi tuwe na kazi. Vyama vya reli huko Marekani, katika miaka ya 1980, vilianzisha pamoja na kampuni zao mpango unaoitwa Operation RedBlock, jina ambalo mtu wa reli hahitaji kufasiriwa. Wafanyakazi wenyewe huchaguliwa na kufundishwa, na mwenzao akifika katika hali mbaya humwendea kabla hajagusa injini, wakamrudisha nyumbani, kisha wakamwonyesha pa kupata msaada. Jina lake haliendi kwa bwana mkubwa. Tazameni tofauti: hawamfichi akaendelea na kazi, wala hawamtoi. Wapo wenzetu waliokwisha kunung'unika kwamba ada zao zisitumike kwa ajili ya walevi. Tunawajibu ya kwamba ada hizo hizo ndizo zinazomlipa wakili kumtetea mtu akishafukuzwa, na wakili ni ghali kuliko mikutano 6.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mambo mawili yapigiwe kura leo kabla watu wa zamu ya usiku hawajaondoka. La kwanza, kifungu hiki kiingizwe katika madai yetu ya mkataba ujao. La pili, wachaguliwe watu 4, mmoja wao awe mwanamke, mmoja awe wa magenge ya njia, wapelekwe kufundishwa. Mwanachama mwenye shida asiyetaka kuonekana akisema na sisi, NACADA wana simu ya bure, namba 1192. Na wale waliopokea barua za kuitwa ofisini juma hili wabaki nyuma, tusome barua hizo pamoja.