Mguu Utuapo: Katika Kuipima Njia ya Mwenye Kutembea

Mhadhara wa umma uliotolewa Moi's Bridge



Mwenzangu mmoja, ambaye elimu yake naiheshimu na jina lake nalisitiri, alinena hadharani ya kwamba suala la kufuatilia mwendo wa waendao kwa miguu limekwisha kupata jawabu, maadamu kila mtu ana simu mfukoni, na ndani ya simu mna kipokezi cha setilaiti cha kumwonyesha alipo na kihisi cha kumhesabia hatua. Kumfunga mtu chombo mguuni, alisema, ni kujitaabisha bure. Nimekuja kuipinga kauli hiyo, tena hapa Moi's Bridge, mji ulioitwa zamani Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi Arthur Cecil Hoey, kwa kuwa baina ya maghala ya mahindi, mto Nzoia, na reli iliyofika Kitale mwaka 1926, wapo waendao kwa miguu wa kila namna, na hoja isiyoweza kusimama mbele yao haina haki ya kusimama kwingineko.

Misingi ya vihisi vya inesha, vilivyomo simuni na katika chombo cha mguuni, naipita upesi, kwani mnaijua: kimoja hupima mchapuko, kingine, jairoskopu, hupima mzunguko, nasi huujumlisha mchapuko mara moja tupate kasi, na mara ya pili tupate masafa. Msiba wake pia mnaujua. Jairoskopu ikikosea kidogo tu, mvutano wa ardhi huhesabiwa kuwa ni mwendo, na kosa hukua kwa kipeo cha tatu cha muda, hata muda ukiwa maradufu kosa huwa mara nane. Dawa aliieleza Eric Foxlin mwaka 2005: kiatu cha mwenye kutembea hutua kila hatua na kutulia kwa muda wa kama nusu sekunde, na katika muda huo twajua kwa yakini ya kuwa kasi yake ni sifuri, basi hesabu husahihishwa papo hapo, kabla kosa halijapata nafasi ya kuzaana. Kiuno hakina kituo kama hicho, wala mfuko.

Na mfuko wenyewe ni upi? Siku moja ya soko, nikiwa na wanafunzi wangu, nilimwuliza mama mmoja aliyejitwika debe la mahindi huweka wapi simu yake akiwa njiani. “Simu nimeachia mtoto nyumbani, mwalimu,” akajibu bila kusimama. “Kwani ulitaka kunipigia?” Wenziwe walikuwa wamezifunga zao katika pindo la leso, au wamezitumbukiza kikapuni chini ya sukuma wiki, ambako kihisi hupima mtikisiko wa kikapu.

Atasema mwenzangu kwamba hatua zaweza kukisiwa vivyo hivyo. Ipo kweli kanuni mashuhuri ya Harvey Weinberg wa kampuni ya Analog Devices, ya mwaka 2002, itwaayo tofauti baina ya mchapuko wa wima wa juu kabisa na wa chini kabisa katika hatua, ikaitolea kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, ikazidisha kwa kiwango cha mtu mwenyewe, ikapata urefu wa hatua. Ni kanuni ya werevu. Walakini imejengwa juu ya kupanda na kushuka kwa kiwiliwili, na hapo ndipo napenda kuwasomesha makala ninayoyapenda kuliko yote katika fani hii, yaliyotoka katika jarida la Nature mwaka 1986, ambamo Geoffrey Maloiy wa Nairobi, pamoja na Norman Heglund na wenzao, walithibitisha kwamba wanawake wa Kijaluo wabebao kichwani, na wa Kikuyu wabebao mgongoni kwa ukanda wa kipajini, waweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao pasipo kuongeza nguvu wanayoitumia. Walipimwa pumzi zao wakitembea juu ya mkanda wa mashine, na oksijeni haikuzidi! Ilibakia siri hadi mwaka 1995, Heglund alipoonyesha ya kuwa chini ya mzigo wanawake hao hubadilishana nguvu ya mwinuko na nguvu ya mwendo kwa ufanisi uliozidi, mithili ya bembea isiyopoteza kitu. Basi ikiwa uhusiano wa mwinuko na mwendo hubadilika mtu atwikwapo, kiwango kilichopatikana akiwa mikono mitupu chatumikaje kwake arudipo na debe kichwani?

Kwa insafu nakiri kwamba kiunoni pana manufaa yake. Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzake, mwaka 2012, walipima kwa vyombo harakati za vijana wa Kenya, wa shamba na wa mjini, wakaonyesha tofauti yao wazi. Ila wao walitaka kujua wingi wa harakati, si njia iliyopitwa. Setilaiti nayo hufaa chini ya mbingu wazi, lakini hukosea mita kadhaa, na mita hizo ndizo zinazomtenga mtu aliye ukingoni mwa barabara na aliye katikati ya magari. Nayo ndani ya ghala la mabati hupotea. Katika nchi ambayo waendao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani, tofauti hiyo si ya kudharauliwa.

Mguu nao una aibu zake. Gambuti kubwa kuliko mguu, katika tope la Aprili, huteleza kidogo pale tunapoidhani imetulia, na abiria wa bodaboda mguu wake hautui asilani. Zaidi ya hayo, kituo cha mguu hurekebisha kasi wala hakirekebishi mwelekeo, kwa hiyo njia iliyonyooka huchorwa imepinda. Hata hivyo sitoki mguuni. Avukaye Nzoia kwa kupitia darajani hulifuata daraja, na daraja halihami: mwelekeo wake ukipimwa mara moja, kila mtu alivukapo hesabu yake ya mwelekeo husahihishwa upya, na mwenzangu ataruhusiwa kutumia setilaiti yake kulipima daraja hilo, siku moja tu.